Magurudumu ya Kuteremkia

Huko Aquitania, kando ya ziwa, mtu akitaka kujua kama gurudumu la baiskeli ni zuri haulizi kitu. Hulitundika kwenye kidole cha mwisho akalinyanyua. Likiwa jepesi, ni zuri. Likiwa zito, hulirudisha ukutani kimya kimya, maana watu wa kule wamezaliwa mlimani na wanachokijua ni kupanda.

Yolima alikuwa amefunga vitunguu majani misimu minne ili apate baiskeli ya mbio. Fremu alikwisha kuipata, ya buluu, na usukani wake. Ilibaki miguu tu, kama alivyosema kaka yake Wilmar. Ndiyo maana asubuhi ile walikuwa wote wawili kwa Don Eliécer, fundi wa magurudumu, na Wilmar ameshatundika gurudumu jeusi la kaboni kidoleni.

"Shika, dada. Unyoya huu."

Yolima akashika. Kweli lilikuwa jepesi, na spoki zake zilikuwa chache, unazihesabu kwa jicho.

"Na haya?" akauliza, akionyesha jozi ya alumini chini ya meza.

"Hayo ya kubebea maziwa. Utaanza kupanda nayo mwaka huu ufike mwaka ujao."

Don Eliécer akaweka chini kikombe chake cha maji moto ya sukari guru. "Utapita njia gani, binti?"

"Anapanda hadi kwenye msalaba wa kileleni," akajibu Wilmar, "halafu Jumapili kuna mashindano ya..."

"Nina masikio mawili, Wilmar, na yote yanamsubiri yeye."

Yolima akatazama viatu vyake. Jibu alikuwa nalo miaka saba. Ng'ambo ya nyika ya juu, ukungu unakolala, barabara inateremka kwenye mawe matupu hadi nchi ya joto, na mawe yanapoishia ndipo alipo mama yao. Aliondoka kwenda kuwapikia wachunga ng'ombe, akasema miezi mitatu. Kisha mlima ukaporomoka, basi likaacha kupita, na sasa anayetaka kupita pale huivusha baiskeli yake begani. Mama hutuma sauti kwenye simu. Kwanza unasikia kuku, mvua kwenye mabati, halafu, "Umekula, mwanangu?" Yolima huisikiliza mpaka anajua jogoo atawika wapi. Wilmar hajawahi kusikiliza hata moja. Nyumbani, mbele yake, jina la mama halitajwi.

"Ya chini," akasema.

"Chini wapi?" akauliza fundi.

"Kwa mama."

Wilmar akalitundika gurudumu la kaboni ukutani, polepole, kama anayeogopa lisije likalia.

"Basi unyoya haukufai," akasema Don Eliécer. "Kila mtu hapa anataka ya kupandia. Kupanda hakuvunji gurudumu, kunavunja mtu. Gurudumu huvunjika kwenye mteremko." Akavuta ile jozi ya alumini, akabana spoki mbili kwa vidole, zikalia. "Thelathini na mbili, nimezifuma mwenyewe. Moja ikikatika, zilizobaki zitakufikisha."

Wilmar alikuwa amekwenda mlangoni, uso ziwani. Wakadhani anaondoka.

"Nyuma mwekee spoki thelathini na sita," akasema bila kugeuka. "Na tairi nene. Ukishapita daraja la mbao mawe yana makali."

Don Eliécer akachukua kikombe chake ingawa kilikuwa kitupu.

"Umejuaje?" Yolima akauliza.

"Nilienda. Mwaka juzi, ile wiki niliyosema niko mjini Tunja. Gurudumu la nyuma likajikunja kama namba nane. Nikalibeba nikarudi."

"Ulikuwa mbali na kwake?"

"Mapaa nilikuwa nayaona."

"Si ungetembea ukamalizia?"

"Nifike kwa miguu, chuma begani, nimwambie nini? Eti nimekuja kukukasirikia, nipe na maji ya kunywa?"

Fundi akakohoa kuficha kicheko. Yolima hakucheka. Alitaka kumchokonoa atoe kila alichokiona kule, lakini akamgeukia fundi.

"Thelathini na sita, Don Eliécer," akasema. "Mbele hizo hizo thelathini na mbili."

"Mazito hayo, binti. Kurudi ni kupanda tu."

"Sijafikiria kurudi."

"Basi njoo Alhamisi."

Walirudi kwa njia ya mashamba, Wilmar mbele na fremu ya buluu begani. Walipofika kwenye vitunguu vya jirani Yolima akamshika koti.

"Hukusikia kitu? Pale ulipofika."

"Mbwa."

"Alibwekaje?"

"Mbwa ni mbwa, Yolima." Akatembea hatua chache, akapunguza mwendo. "Mkubwa, nadhani. Sauti nzito. Anabweka mara mbili, ananyamaza, kama anayesubiri kuitikiwa."

"Mara mbili?"

"Mara mbili."

"Nieleze tena," akasema Yolima.