Mashine ya Mto Chini ya Vitambaa vya Wabia

Niazimeni masikio yenu, nami nitawarudishia yakiwa yamechafuka kidogo tu.

Ilikuwako nchi iitwayo Shangilia, iliyokatwa katikati na Mto Kigawanyo. Wa upande mmoja walijiita Watu wa Huku na kuwaita wenzao Watu wa Huko. Nao wale wa Huko walijiita Watu wa Huku, hata mgeni akiuliza njia alipotea akiwa amesimama palepale. Dasturi yao kuu ilikuwa hii: chombo hakitumiwi kabla hakijazinduliwa na mgeni rasmi, na kila mbia sharti alete kitambaa chenye nembo yake, akifunike chombo hicho juu ya vitambaa vya wenzake. Kwa hiyo kadiri ubia ulivyonenepa, ndivyo chombo kilivyozidi kutoweka.

Basi Chuo Kikuu cha Majivuno, chini ya Profesa Kujikweza, kikashikana mikono na kampuni changa ya kijana mmoja, Ahadi bin Keshokutwa, wakaunda mashine ya kupima maji ya mto na kupiga honi mafuriko yakikaribia. Ahadi aliiwasha siku ya majaribio. Kabla hajaizima, wabia wakawasili na vitambaa vyao. Chuo cha ng'ambo kikaleta mahameli, wafadhili wakaleta hariri, wizara mbili zikaleta maturubai, kila moja ikitaka lake liwe juu. Mgeni rasmi wa Huku akakataa kufika kabla ya yule wa Huko, na yule wa Huko vivyo hivyo.

Mvua kubwa ikaanza kumwagika milimani. Bi Shaka, mjane ambaye akiona kitu kimefunikwa vizuri mno hushika kibindo chake, alikuwa na binti, Tunu, aliyejifungua juzi katika nyumba ya bondeni, naye hali yake dhaifu. Kumtoa nje kwenye mvua kungemdhuru; kumwacha mto ukifurika kungemuua.

"Profesa, mwanangu," akamuuliza uwanjani, "mto wasemaje?"

"Mama yangu, mashine haijazinduliwa. Kwa sasa haina la kusema kihalali."

"Mbona yanguruma humo ndani?"

"Inatafakari."

"Hata paka wangu hutafakari hivyo akishiba. Mimi nadhani mmefunika debe, na ndani mmetia paka."

Asubuhi yake akakutwa na mkasi mkononi, keshakata turubai moja la wizara. Akashtakiwa papo hapo uwanjani, mbele ya Kadhi Ahirisho.

"Unakiri kuuvunjia ubia heshima?"

"Nakiri kukata kitambaa, Mheshimiwa. Ubia sikuuona; kama ulikuwamo, na utoke ujitetee. Binti yangu yuko bondeni na kichanga. Nifungeni mtakavyo, ila kwanza nijue kama nimtoe."

Kadhi, ambaye maneno ya debe na paka yalikuwa yamemfikia, naye kwa siri akishuku hivyo hivyo, akaamuru vitambaa viondolewe ili mahakama ipime ukubwa wa kosa. Wakavua maturubai, mngurumo ukawa mlio. Wakavua hariri, mlio ukawa kilio. Wakavua mahameli, na honi ikapasua anga, ikawa dhahiri kwamba mashine haikuwa tupu wala bubu. Ilikuwa ikipiga kelele tangu jana, nao wameiziba mdomo kwa heshima zao.

Watu wakapiga makofi, maana ndivyo walivyozoea kitambaa kikishuka. Ahadi peke yake akabadilika rangi.

"Bi mkubwa, tangulia," akasema. "Nakuja nyuma yako na machela."

Bi Shaka alikuwa keshafika mteremkoni, hukumu yake ameiacha hapohapo. Wakampandisha Tunu na mwanawe kilimani, wamelowa chapachapa, lakini hai.

Profesa Kujikweza akabaki uwanjani na kipaza sauti, akiwasihi waungwana waketi na mashine ifunikwe upya, kwa kuwa mgeni rasmi hajafika. Maji yakaingia bila kutangazwa, mapana na ya kahawia, yakakalia viti vya mbele.