Pacha Ndani ya Kompyuta

Kompyuta ya Mkunga ilianza kukoroma mwanzoni mwa mwaka. Mara ya kwanza ilikoroma inapowashwa tu, kama mtu anayejigeuza kitandani. Baadaye ikawa inakoroma hata akifungua picha moja, na picha yenyewe hutokea baada ya muda wa kumenya viazi vitatu. Alijua ni vitatu, maana aliwahi kuvimenya akisubiri.

"Mama, diski hiyo inaaga," alisema mkwewe, mwalimu wa hesabu aliyekaa naye nyumba moja. "Tusingoje ikate roho."

Na ndani ya diski hiyo ndimo yalimokuwa madaftari. Mkunga alizalisha kwa miaka thelathini na minane, na kila uzazi aliuandika: saa, uzito, mtoto ametanguliza nini, amelia mwenyewe au amebembelezwa. Madaftari kumi na tisa. Mkwe aliyapiga picha ukurasa kwa ukurasa, na heri alifanya hivyo, kwa kuwa msimu uliofuata paa lilivuja juu ya kabati na wino wote ukawa uji wa buluu. Zilizobaki ni picha tu. Na watu hawakuacha kuja. Juma lililopita alibisha hodi binti mwenye mimba ya miezi saba, mama yake keshafariki, akataka kujua yeye alizaliwaje. Mkunga akamsomea kwenye kioo cha kompyuta: alitanguliza makalio, mama alivuja damu nyingi. Binti akaondoka ameshakata shauri kwamba atajifungulia hospitali.

Basi Jumamosi asubuhi akaja fundi. Walimwita Bisibisi, kwa sababu bisibisi yake ilikaa nyuma ya sikio kama kalamu ya seremala. Alitandika kitambaa mezani, akapanga diski tatu mpya juu yake. Mkunga akavaa miwani na kuvuta kiti.

"Hii ndogo haina kinachozunguka ndani," Bisibisi alieleza. "Humu nitaweka mfumo, kompyuta iwe inaamka haraka. Hizi mbili kubwa zina visahani vinavyozunguka. Ndizo ghala lako."

"Kwa nini ghala lisiwe kwenye hiyo yenye haraka?"

"Ya haraka yenye ukubwa huo, Mama, ukisikia bei utakaa chini."

"Nimeshakaa."

Mkwe akacheka ndani ya kikombe chake.

"Na kwa nini maghala ni mawili?" Mkunga aliendelea.

"Nitayafanya pacha. Moja likifa, lingine linaendelea na kazi, wala hutajua."

Hapo Mkunga akasogeza kiti zaidi. Pacha alikuwa akiwajua. Jozi arobaini na moja zilipita mikononi mwake.

"Wa kufanana, au wasiofanana?"

"Wa kufanana. Wakitofautiana ukubwa, mkubwa hupunguzwa alingane na mdogo."

"Maskini. Na nani anatangulia?"

"Hakuna anayetangulia. Ukihifadhi kitu, kinaandikwa kwa wote wawili kwa pamoja."

"Hiyo sijawahi kuiona," alisema Mkunga, akainama kutazama Bisibisi anavyofunga skurubu na kuchomeka nyaya.

Kompyuta ilipowaka, iliwaka kweli, kabla hajamaliza kufuta miwani. Akahesabu diski kwenye kioo. Moja ya haraka. Moja ya ghala. Basi.

"Pacha wa pili yuko wapi?"

"Wamo wote. Kompyuta inawaona kama mmoja."

Nyusi za Mkunga zilipanda. Maisha yake yote, wakiingia wawili kwenye hesabu alitaka kuwaona wawili.

Kunakili madaftari kutoka diski ya zamani kulichukua hadi saa saba. Kisha Bisibisi akanyoosha mkono. "Sasa hii ya zamani naifuta, niondoke nayo nikatoe vipuri, kama tulivyokubaliana dukani."

"Subiri kwanza." Mkunga alionyesha picha ya kamba ya kuanikia nguo, ambayo hakuna atakayeililia. "Ifute hii kama mtu aliyekosea. Hata kwenye kapu la taka isibaki."

Bisibisi akafuta.

"Sasa mwite pacha wa pili anirudishie."

Fundi akaitoa bisibisi sikioni, akairudisha. "Mama, hata kwake haipo."

"Nionyeshe."

Akazima, akachomoa waya wa diski moja, akawasha tena. Madaftari yalikuwapo. Kamba ya nguo haikuwapo. Mkunga akatazama muda mrefu, kama anayesikiliza tumbo.

"Pacha ninaowajua mimi," alisema, "mmoja akishikwa na homa, mwenzake ananyonya. Hawa wako, mmoja akila sumu, mwingine anameza."

"Wanasaidia diski ikiharibika. Mtu akikosea, hawasaidii."

"Na hapa anayekosea ni mimi. Kidole hiki hubonyeza kabla sijakituma." Alikiinua wakione. "Neno lako limenidanganya, mwanangu. Hicho si pacha, ni kivuli. Ukianguka nacho kinaanguka."

"Dukani sote tunaita pacha."

"Dukani hamjazalisha. Watenganishe."

Bisibisi akapumua, lakini alikuwa fundi wa kweli, akafikiri. Moja ingebaki ndani ya kompyuta. Ya pili angeitia kwenye kasha lenye waya wake. Wangeichomeka mara moja kwa juma, wanakili, waichomoe, wakaiweke nyumba nyingine kabisa.

"Kila Ijumaa nikitoka shule," mkwe alisema. "Itakaa kwa shangazi yangu, mtaa wa pili."

"Ila mjue," Bisibisi aliongeza, "ya ndani ikifa Alhamisi, mtakosa vilivyoingia juma hilo."

"Mimi sizalishi tena. Juma langu halina jipya," alisema Mkunga. Mkwe akamtazama, akammiminia chai.

Kazi ikaanza upya. Alasiri, madaftari yalipokwisha kuingia kwenye diski zote mbili, kila moja kivyake, Mkunga aliomba kipanya. Akafungua daftari la kwanza, ukurasa wa kwanza na wa mwisho. Halafu la pili. Kumi na tisa kwenye diski ya ndani, kumi na tisa kwenye ya kasha. Alipofika kwa binti wa juma lililopita alisoma ukurasa mzima kwa sauti ya chini, hadi uzito wa mtoto. Bisibisi alitazama saa mara mbili, mara ya tatu akaacha.

"Haya," Mkunga alisema mwishowe. "Ya zamani ifute."

"Una hakika, Mama?"

"Nimewaona wawili, kila mmoja na pumzi zake."

Bisibisi akabonyeza. Mkunga akavua miwani, akaifuta kwa pindo la nguo, akaivaa tena na kusogelea kioo.

"Huwa inatanguliza kufuta lipi?" aliuliza. "Daftari la kwanza, au la mwisho?"