Alama Alizopata Javaris Mwezi Agosti
...kumi na sita, anasema Shemasi Purnell, timu kumi na sita ziingie kwenye mtoano na ubishi uishe, na Lavelle kinyozi anaacha wembe hewani nyuma ya shingo yangu ili amjibu, "Kumi na sita za nini, Shemasi, unataka kila aliyevaa helmeti apewe kombe?" na mimi nimefungwa shuka hili shingoni, mikono iko chini yake, siwezi hata kujikuna, kila Agosti ndivyo Alabama ilivyo, mpira wa vyuo, huu wa Kimarekani wa kugongana, haujaanza na kinyozini tumeshaucheza mpaka fainali, tumepangwa wa tisa nchini na hatujakimbia hata hatua moja, na wote wanangoja niseme neno kwa sababu mimi ni baba yake Javaris, jezi hamsini na mbili, mlinzi wa kati, ambaye kazi yake ni kumgonga mtu kila mpira unapoanzishwa... "Mwacheni Baba Javaris," anasema Shemasi, "huyu ameshakata tiketi ya fainali, oneni alivyonyamaza," wanacheka, nami nacheka, nifanyeje. Tiketi gani. Kijana alinipigia leo saa moja asubuhi kutoka bwenini, Baba, usimwambie mtu, Mama pia usimwambie, kisha akaniambia ni kile kipimo cha kumbukumbu, wanachofanyiwa wote kabla ya msimu, shika maneno haya, kumbuka maumbo haya, bonyeza haraka ukiona nyekundu, ili mchezaji akigongwa kichwa baadaye apimwe tena walinganishe, na nani alimfundisha kukichezea kama si mimi, miaka miwili iliyopita, garini, nikimpeleka kambini kwa mara ya kwanza, nikamwambia kwa sauti ya mtu anayejua mambo, kosea makusudi, mwanangu, kidogo tu, ukianzia chini, hata ukigongwa Novemba hawataona umeshuka, hawatakuweka benchi, akina baba jukwaani walikuwa wakiambiana hivyo, nikajiona mjanja kuliko madaktari, mjanja mimi... "Kumi na mbili zinatosha," anasema Lavelle, "ukizidisha unawaua watoto wa watu," anasema tu, hana habari, na Shemasi anahesabu kwa vidole, mechi kumi na mbili za kawaida, moja ya ubingwa wa ligi, nne za mtoano, kumi na saba, "Na watahimili, vijana wa siku hizi wanakula nyama mara tatu kwa siku, sisi tulicheza na maharage tumboni," na mimi nahesabu naye kimoyomoyo, sihesabu mechi, nahesabu mapigo, kila mechi mara sitini, sabini, kichwa kile kile nilichokuwa nakiosha kwenye beseni jikoni...

Mwaka huu sikukosea makusudi, Baba. Ndivyo alivyosema. Nilijitahidi kwa akili zangu zote, na nimepata alama chini ya zile za uongo.

Na hakuna aliyeshtuka huko chuoni, upungufu wenyewe ni mdogo, wamemwambia uko sawa, nenda uwanjani, na mimi nikamjibu nini, baba mtu, nikamjibu labda hukulala vizuri, kunywa maji, Mungu anisamehe, kunywa maji, na huku nakumbuka Oktoba iliyopita alivyogongwa akainuka akaenda kukaa kwenye benchi la wapinzani, uwanja mzima ulicheka, nami nilicheka, nikampigia makofi aliporudi kwenye benchi lao... "Haya, wewe mwenye mtoto uamue," anasema Shemasi, "kumi na mbili au kumi na sita?" na Lavelle ananishika utosi kwa vidole viwili, "Tulia, bado upande huu," nami natulia, namjibu kimoyomoyo, hata mechi moja, Shemasi, hata moja, Lavelle ananizungushia kiti nao wanaendelea bila mimi, sasa ni timu ishirini na nne, na najua nikitoka hapa nitampigia daktari wa timu, Javaris atanichukia, atavuliwa jezi, ufadhili wa masomo sijui, mama yake atajua yote, na daktari atafungua faili, ataweka alama za mwaka ule na za mwaka huu pamoja, ataniambia kwa upole, mzee, mbona zinakaribiana, kijana wako hana tatizo, na hapo itabidi nimweleze ni nani aliyezifanya zikaribiane.