Ukuta wa Ukingoni

Mume wangu ni seremala, na seremala akishika jiwe hulitazama kama ubao uliomkosea adabu. Anataka likae sawa, lisicheze, lisiache upenyo. Jiwe halina habari. Nilimwambia hivyo siku tuliyoanza ukuta, akaniambia nipunguze mdomo nilete mawe.

Nikaleta. Ngata kichwani, jiwe juu ya ngata, kutoka korongoni mpaka kileleni kwetu, ambako upande mmoja kuna nyumba na upande wa pili ardhi inakatika ghafla. Pale ukingoni ndipo tulipomzika binti yetu. Homa ilimchukua kabla hajang'oka jino la kwanza, na baba yake akataka alale palepale ambapo mtoto alizoea kukaa kumsubiri yeye arudi kutoka karakana. Hakuna aliyembishia. Nani angembishia mtu aliyetoka kupiga randa jeneza la mwanawe? Tangu hapo majirani waliacha kuniita kwa jina la mtoto, wakidhani wananihurumia. Waliniudhi sana.

Mvua za mwaka uliofuata zikaanza kuula ukingo. Kila kukicha kipande kingine cha udongo kilikuwa kimekwenda chini, na kaburi likazidi kusogelewa.

"Mhamisheni mtoto," mama mkwe alisema. Miguu imemwacha, kutwa yuko kitandani, lakini ulimi wake haujapata kuugua hata siku moja. "Mleteni huku nyuma ya nyumba, kwenye ardhi ngumu."

"Nimeshamshusha shimoni mara moja, mama," mume wangu alijibu. "Simfukui mwanangu."

"Basi mlima utamfukua."

Alitoka, akaenda kuchukua kamba na timazi. Mimi nilikuwa upande wa mama moyoni na upande wa mume mikononi. Niliogopa kwamba nikimkatalia ukuta, hatabaki na kitu cha kumwamsha asubuhi.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawakusema ukuta wenyewe ukikushinda ufanyeje. Wa kwanza aliusimamisha wima kama kabati, ukaanguka usiku uleule mvua iliponyesha. Wa pili akaulaza kidogo nyuma, uegemee mlima, na nyuma yake tukajaza kokoto maji yapate pa kupita. Huo ulikwenda vizuri. Kucha zake ziliisha, akafunga vidole kwa vitambaa akaendelea. Nilimpenda, na zipo saa nilitamani kumtwanga kwa sururu.

Ukuta ulipomfika kifuani, korongo likafurika. Mawe yote yakawa chini ya maji, na mbinguni kumefunga kweusi. Alizunguka kilima kizima akitafuta, akarudi mbio akanivuta mkono. Chini ya ule ukingo, ndani ya vichaka, kulikuwa na ukuta wa zamani aliojenga marehemu baba mkwe. Ulikuwa umefunikwa na majani hata tulishausahau.

"Ule haushiki kitu," alisema. "Umeshika nyasi tu."

Mfa maji haachi kutapatapa. Tuliung'oa kwa mtaimbo, jiwe moja moja, tukiyapandisha kwenye ukuta wetu. Yalikuwa mawe mazuri, mapana, yanakaa bila kubembelezwa. Mama mkwe hatukumwuliza. Tulijua angetukataza, na hatukuwa na nafasi ya kukatazwa.

Tulipoweka la mwisho, mume wangu aliupitishia ukuta kiganja kama anavyoipitishia meza iliyokwisha kupigwa msasa. Akacheka. Sikuwa nimesikia kicheko chake tangu msiba, nami nikacheka, tukakaa kando ya kaburi tukila viazi baridi kama watu wenye amani.

Kesho yake mvua ilianza asubuhi, na haikuwa ya mchezo. Kuelekea mchana nilisikia ananiita kwa sauti ambayo siijui. Nikatoka mbio.

Ukuta haukuwa umebomoka. Ulikuwa unaondoka. Wote kwa pamoja, umesimama, mawe yameshikana vilevile alivyoyapanga, unateleza polepole kuelekea bondeni. Udongo tuliojengea ukuta wetu juu yake ulikuwa umeshikwa kwa chini na ule ukuta wa baba mkwe, na ule ukuta tulikuwa tumeung'oa sisi wenyewe. Mume wangu alikuwa ameshuka upande wa bonde, ameukingia ukuta mgongo, miguu inazama topeni.

"Lete mawe!"

"Ya wapi?"

"Bomoa jiko! Lete!"

Nikakimbilia jikoni. Nilipiga ukuta wa jiko kwa mtaimbo mpaka jiwe likatoka, nikalikumbatia, nikafika nalo mlangoni. Nikamwona kwa mbali, mtu mmoja anauzuia mlima kwa mgongo. Nikaliangusha lile jiwe nikachukua jembe, nikarudi nalo ukingoni.

"Toka hapo," nilimwambia.

"Niachie!"

"Utafunikwa. Nitakuzika wapi, wewe na mwanangu? Niambie, nitawazika wapi nyote wawili?"

Alinitazama, akalitazama jembe. Kisha akalia kwa sauti, mtu mzima, mdomo wazi kwenye mvua, akatambaa kwa magoti kutoka pale akapanda juu kwangu.

Jembe alilikataa, akaogopa litamgonga mtoto. Tulifukua kwa mikono. Udongo ulikuwa laini, haukutubishia. Jeneza tulilikuta zima, viungo vyake vimeshika kila pembe, nikamwambia hivyo, kwa sababu nilitaka asikie kitu kizuri. Tulilitoa tukarudi nyuma nalo, na hatujafika mlangoni nyuma yetu kukanguruma, ukingo ukaenda, na ukuta, na kila kitu. Hatukugeuka kutazama.

Ndani mama mkwe alikuwa ameketi kitandani, shuka mabegani. Tulisimama mbele yake tukichuruzika maji, kile kisanduku kati yetu, tukingoja atuambie aliyokuwa na haki ya kutuambia.

Alisogea mpaka ukutani, akakung'uta nafasi aliyoiacha kwenye godoro.

"Mlazeni hapa," alisema. "Amelowa."