Bonasi ya Guka Kamande

Mada zilikuwa ndani ya kofia. Profesa Haskell, mwalimu wetu wa historia, aliipitisha kofia yake ya besiboli darasani, kila mtu akachota kikaratasi, na mimi kwa mkosi wangu wa kawaida nikachota hiki: bonasi ambazo serikali za kikoloni zilitoa ili kuchochea uchimbaji wa madini na kilimo. Jirani yangu alipata ngoma za Brazili. Nilimwomba tubadilishane akakataa, wala sikumlaumu.

Historia yenyewe sikuwa na haja nayo. Nilikuwa natunza wazee wa watu kule Silver Spring, ughaibuni, nawaogesha na kuwalisha, na nilichokitaka ni kuwa muuguzi kamili. Chuo kilikuwa kimenipa nafasi ya kuanza uuguzi Januari kwa sharti moja, nimalize somo hili na B. Nikipata C, nafasi inakwenda kwa mwingine nami narudi mwisho wa foleni. Hiyo ilikuwa vuli ya mwaka 1998. Nilikuwa na miaka thelathini na mitatu, mtoto wa miezi mitatu, na mume, Mark, aliyefanya kazi ghalani huko Manassas na kurudi nyumbani akiwa hoi bin taabani. Foleni nyingine sikuitaka hata kwa dawa.

Bahati nzuri, kwenye nyumba yetu ya Takoma Park alikuwepo mama yangu, Edah. Alikuja kutoka Nakuru kunisaidia kulea, kama wanavyokuja akina nyanya wote siku hizi, na koti la kuazima na kilo nne za unga wa uji ambazo watu wa forodha walizinusa mpaka wakachoka. Nilipomwambia mada niliyopata, alicheka. Kumbe nahangaikia nini, akasema, na guka yangu alipewa bonasi hiyohiyo.

Kweli, nilijua. Wajukuu wote tulijua. Guka Kamande, baba yake mama, alifanya kazi kwenye mashamba ya masetla upande wa Solai wakati wa vita vya Hitla, na serikali ikampa bonasi kwa bidii yake katika kahawa. Nikiwa shule ya msingi wenzangu walijisifu kwa wajomba wenye Peugeot, mimi nikajisifu kwa guka mwenye bonasi. Yeye mwenyewe sikumwona, alifariki kabla sijazaliwa.

Basi nikaandika pendekezo langu kwa jioni moja. Profesa alilirudisha na wino mwekundu pembeni: hapa kwa babu yako ndipo ulipo moyo wa kazi hii, anza naye. Nilimsomea Mama maneno hayo, na kesho yake akaenda kununua gauni la zambarau kwenye duka la mitumba ili aje kusikiliza siku ya siku. Pia akamwambia Chebet, rafiki yangu wa ghorofa ya chini. Ukimwambia Chebet jambo, umelitangaza redioni.

Siku tatu kabla ya kuwasilisha, nikapanda treni hadi Maktaba ya Bunge kutafuta jina la guka kwenye gazeti rasmi la koloni. Nilitaka kulitoa nakala nilionyeshe darasa. Wakaniletea majuzuu makubwa yenye vumbi, nikayafungua kwa raha zangu, na ukurasa wa tatu raha ikaisha. Bonasi ilikuwepo, kwa kila ekari mpya ya kahawa na kwa kila shimo la kutafutia madini lililofika kina fulani. Lakini mwombaji lazima awe na hati ya shamba, na kule nyanda za juu hati walikuwa nazo wazungu peke yao. Iliandikwa wazi, bila aibu yoyote. Guka yangu asingeweza kuipata bonasi ile zaidi ya ng'ombe aliyevuta plau.

Nikasoma mara mbili nikafunga. Nilikasirika. Kwanza niliikasirikia koloni, kama adabu inavyotaka. Halafu nikamkasirikia Mama, aliyenilisha hadithi hii tangu nikiwa na meno ya utoto. Mpaka treni inafika Takoma nilikuwa nimemkasirikia hata guka, marehemu wa watu, ambaye hakunikosea lolote.

Sasa ningefanyaje? Nikisema alipewa, Profesa anajua kusoma gazeti kuliko mimi. Nikisema hakupewa, basi huyo moyo wa kazi ni uongo wa familia yangu, na nitausema mbele ya Mama akiwa na gauni lake jipya. Nikaamua kumruka. Nitatoa sheria, ramani na takwimu, guka nimwache apumzike. Nilijiambia Mama hatagundua, Kiingereza kikiwa cha haraka kinampita. Nilisahau kwamba mwanamke huyu amelea watoto sita, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumficha kitu zaidi ya wiki.

Alhamisi mchana Mama aliketi safu ya nyuma, zambarau tupu, mtoto mgongoni kwa leso. Chebet alikaa kando yake na sare yake ya hospitali. Nilizungumza dakika kumi na tano bila kukwama. Ramani ilipendeza, takwimu zilikaa sawa. Profesa peke yake ndiye aliyekuwa anapekua pendekezo langu la zamani na kukunja uso. Nikasema asanteni, na kabla sijakaa nikaona mkono umeinuliwa kule nyuma.

Profesa alifurahi, akamkaribisha mgeni aulize. Mama akasimama. Alizungumza Kiswahili, maana Chebet ni Mkalenjin, na kwa Mama kusema Kikuyu mbele yake ni utovu wa adabu.

"Shiku, mbona umemruka baba yangu?"

Darasa zima likageuka kunitazama. Nikamjibu kwa Kiswahili huku nikitabasamu kama watu wanaozungumzia hali ya hewa. Nikamweleza kwamba nimeisoma sheria kwa macho yangu, mtu mweusi hakupewa hata senti, tafadhali tutaongea nyumbani.

"Na nani alikwambia aliyempa ni serikali?"

"Si ni wewe, Mama!"

Akampigapiga mtoto mgongoni, ingawa mtoto alikuwa amelala fofofo. Kisha akaniambia nimwombe mwalimu dakika chache, nami nitafsiri, tena nitafsiri yote. Nilimwomba Profesa, na moyoni nikaiaga B yangu.

Basi Mama akasimulia. Kulikuwa na masetla wawili waliopakana. Wafanyakazi walimwita mmoja Macho Manne na mwingine Simama Hapo. Serikali ilipotangaza bonasi, wote wawili waliitaka, lakini miche ya kahawa ilikuwa ya shamba moja tu. Wakaiotesha kwenye mikebe ya mafuta ya kupikia, na mikebe wakaifukia mpaka shingoni, ukipita unaona kahawa imepandwa barabara. Mkaguzi alihesabu kwa Macho Manne asubuhi. Kisha akakaribishwa chakula cha mchana, na chakula chenyewe kilikuwa kirefu, na kinywaji, na usingizi kidogo barazani. Huku nyuma mikebe inang'olewa, inapakiwa kwenye mkokoteni wa ng'ombe, inavushwa mto, inafukiwa kwa Simama Hapo. Saa tisa mkaguzi anaamka na kwenda kuhesabu miche ileile. Mwenye kazi hiyo yote alikuwa nyapara Kamande, na bonasi yake yeye ilikuwa vishilingi walivyomtupia masetla hao. Na watoto walibeba mikebe, mmoja mkono huu, mmoja ule. Mama alikuwa na miaka tisa.

Nilikuwa natafsiri, na darasa lilikuwa limeanza kucheka. Mama alipoona hivyo akanoga. Akaingia kwenye madini. Kilimani kulikuwa na shimo moja tu la maana. Guka alimpeleka mkaguzi shimoni Jumatatu kwa njia ya mashariki, kupitia miibani. Jumatano alimpeleka kwa njia ya magharibi, kupitia matopeni, baada ya kuhamisha kifusi upande wa pili. Mkaguzi alifika amechoka taabani, akalipima kwa kamba, akaandika mashimo mawili. Yule jirani yangu wa ngoma za Brazili alicheka mpaka akalaza kichwa mezani. Hata mimi nilicheka. Guka huyu sikuwahi kuambiwa habari zake, na nilimpenda papo hapo.

Kisha Mama akasema, bila kubadili sauti, kwamba siku moja mkaguzi hakulala. Alishuka shambani akavuta mche, ukatoka na mkebe wake. Macho Manne na Simama Hapo waliapa hawajui lolote, ni ujanja wa nyapara. Bonasi wakabaki nayo. Kamande akafungwa jela Nakuru, na mkewe na watoto wakafukuzwa shambani siku hiyohiyo na masufuria yao kichwani.

Nikamgeukia Profesa. Nikasema kwa Kiingereza kizuri kwamba baada ya hapo babu yangu aliliacha shamba lile, na familia ikahamia kwingine.

"Shiku," Chebet akasema kutoka nyuma, "amesema jela. Na umeskip kufukuzwa."

Mama hakuhitaji kuambiwa. Alikuwa ameihesabu sentensi yangu akaiona fupi. Alinitazama, wala si kwa hasira, na hilo ndilo lililoniumiza.

"Nilikudanganya ili usimwonee haya," akasema. "Naona umemwonea haya hata hivyo."

Hakuna mwingine aliyeelewa pale isipokuwa Chebet, naye akainamia viatu vyake. Watu ishirini walikuwa wakisubiri tafsiri. Niliona haya kweli, lakini si ya guka tena. Nilikuwa nimekasirishwa na uongo wa Mama siku tatu mfululizo, na katika siku tatu hizo nilikuwa nimetunga wa kwangu, mbaya zaidi, kwa sababu wake ulimweka baba yake ndani ya hadithi na wangu ulimtoa. Nikafuta pua kwa mkono kama mtoto. Nikawaambia kwamba nimetafsiri vibaya. Nikasema babu yangu alifungwa jela kwa wizi uliofanywa na watu wawili waliobaki wamelala kwenye vitanda vyao, na mama yangu alitembea kutoka Solai akiwa na miaka tisa na sufuria kichwani. Kisha, kwa kuwa aliagiza nitafsiri yote, nikawatafsiria na hilo la mwisho aliloniambia mimi.

Hakuna aliyecheka. Profesa alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu. Akamshukuru Mama, akamwita bibi kwa heshima zote, na akanipa mpaka Jumatatu niandike kazi upya. Alama hakuahidi. Mama aliuliza kama imekwisha, maana mtoto ameanza kuloa.

B niliipata, na Januari nikaanza uuguzi. Lakini nikiikumbuka vuli ile, ninachokumbuka ni Jumapili jioni. Nilikaa jikoni na karatasi zangu, Mama akimwogesha mtoto kwenye beseni la plastiki juu ya meza. Kwenye orodha ya vyanzo, juu ya magazeti ya serikali, nilikuwa nimeandika: Edah Kamande, mbeba mikebe, shahidi. Nilimsomea kazi yote kwa Kiswahili, aya baada ya aya. Alisikiliza akitia maji kidogokidogo shingoni mwa mtoto. Kwa Simama Hapo alicheka kidogo.

Nilipofika kwenye jela sauti yangu ilipungua yenyewe. Nilisoma kwamba Kamande alifungwa miezi sita.

Mama akainua mkono wenye sabuni.

"Saba," akasema. "Waliongeza mmoja kwa sababu alikataa kukiri kwamba alikuwa peke yake. Andika vizuri."

Nikafuta, nikaandika saba. Akangoja mpaka nimwonyeshe.