Sebule ya Watu Kumi na Wawili

Mimi ni fundi mwashi, na kuta za nyumba hii nilizijenga kwa mikono yangu. Kwa hiyo nilipozibomoa sikuomba ruhusa ya mtu.

Mwaka jana wanangu watatu walikuja kunitembelea, mara ya kwanza tangu mama yao afariki, na kila mmoja akajifungia chumbani kwake na simu yake. Tulikuwa tunapishana koridoni kama wapangaji. Walipoondoka nilikaa nikizitazama zile kuta wiki nzima, nikaona mchawi wetu ni hizi.

Nikashika nyundo. Vyumba vyao vitatu, korido na jiko, vyote nikavifanya sebule moja, kubwa hata ukikohoa inakujibu. Nikaagiza meza ndefu na viti kumi na viwili. Nilibakiza chumba changu na bafu tu. Majirani wakasema mzee kachanganyikiwa. Wacha waseme.

Jumamosi iliyopita wakaja na wake, mume na wajukuu. Wakapiga picha wee mpaka wakachoka. Tulikula pamoja, tukacheka pamoja, nami kichwa kikavimba. Nikajua safari hii watakaa wiki nzima kama walivyoahidi.

Jua lilipoanza kushuka, binti yangu, kitinda mimba, akaniita pembeni, ingawa pembeni yenyewe haikuwepo tena.

"Baba, sisi tutalala wapi?"

"Nimenunua magodoro. Tunalala wote hapa hapa."

Akatazama chini. "Na wifi zangu je? Watalalaje mbele ya baba mkwe wao?"

Miaka arobaini nawajengea watu nyumba, na hilo halikunijia kichwani hata siku moja. Nikasema basi chukueni chumba changu. Kitanda kimoja, watu kumi na mmoja. Walinishukuru kwa upole, wakabeba mabegi yao, wakaenda nyumba ya wageni karibu na stendi.

Niliosha vyombo peke yangu, na niseme kweli, nililia. Nilikuwa bado nakausha sahani simu ilipoita.

"Tumefika salama, baba." Nyuma ya sauti ya binti yangu vicheko vilikuwa haviishi.

"Mko wapi hapo?"

"Chumbani kwa kaka mkubwa. Ni kadogo, tumebanana wote kitandani, tunapiga soga."

Nikamwambia vizuri, mwanangu, msichelewe kulala.