Kuchora Namba Nane

Difu ya gari letu la mbio, ile inayoyagawia magurudumu nguvu, ilichakaa hadi, nikikata kona, gurudumu moja linazunguka bure na la pili linatazama tu. Fundi alifunga mpya, akanipa funguo na sharti.

"Usikimbize. Chora namba nane hapo kiwanjani, polepole, mpaka sahani za ndani zizoeane."

Mimi na polepole hatuivi chungu kimoja. Nikanuna. Baba, aliyelikimbiza gari hili kabla miguu haijamgomea, akasema twende wote.

Kila kona difu ikaguna.

"Inanisema hii!"

"Inazoea," Baba akacheka.

Kisha akaanza kusimulia jinsi marehemu mama alivyokuwa akisimama pembeni mwa barabara, amefumba macho kwa hofu, akimshangilia yeye dereva bila kumtazama. Sikuwahi kuyasikia hayo. Gari lile halikuwahi kwenda taratibu kiasi cha mtu kuongea. Nikamshukuru Mungu kimoyomoyo kwa chuma kilichochakaa.

Fundi akatupungia mkono. "Vipi, imetulia? Sasa kimbiza!"

Baba akakatiza hadithi, akakaza mkanda.

Difu ilikuwa kimya kabisa.

"Bado inaguna," nikamjibu fundi, nikakata kona nyingine.